Saba zimewaka, una pesa ya mbili: utanunua gani?

Wengi wenu mmeniuliza ile video yangu ya mfumo wa kununua hisa ilienda wapi. Niliifuta. Hakuna mtu aliniripoti, na sijauzia mtu siri. Ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilimuumiza mtu ninayempenda kabla mimi sijaliona.

Mtu huyo ni binamu yangu. Ananizidi miaka saba, anaendesha boda Githurai, na ndiye aliyenisaidia karo ya muhula wangu wa mwisho kabla sijaacha chuo mwaka wa pili. Nikimwambia kitu kinafanya kazi, haulizi maswali mengi. Alichukua shilingi 60,000 alizokuwa ametenga kumaliza deni la pikipiki, akafungua akaunti ya hisa, akaanza kufuata sheria zangu neno kwa neno.

Sheria zilikuwa rahisi. Hisa ikifunga siku juu ya bei yake ya juu kabisa ya siku 20 zilizopita, nunua. Ikifunga chini ya bei yake ya chini kabisa ya siku 10 zilizopita, uza. Gawa pesa zako mara mbili, kila nusu inunue kampuni moja. Nilikuwa nimezijaribu sheria hizo kwenye data ya zamani ya Soko la Hisa la Nairobi, ile kazi tunaita baktesti: unajifanya uko miaka kumi nyuma, unafuata sheria siku baada ya siku, halafu unaangalia ungekuwa na pesa ngapi leo. Mchoro wangu ulikuwa unapanda tu. Hiyo ndiyo skrinshoti mliyoiona.

Wiki ya pili, saa nne usiku, binamu akanipigia.

"Sasa kijana, leo zimewaka saba. Mimi niko na pesa ya mbili. Ninunue gani?"

Nilinyamaza. Kusema ukweli nilijifanya mtandao umekatika, nikakata simu, nikakaa nikitazama ukuta. Nilipompigia baadaye nikamwambia, "Chukua zile kubwa kubwa." Jibu hilo halikuwa kwenye sheria zangu. Halikuwa kwenye video pia. Nilikuwa nimelitunga hapo hapo.

Usiku huo nikafungua programu yangu kuona yenyewe ilifanya nini siku kama hizo, kampuni nyingi zikiwaka pamoja na pesa ikiwa kidogo. Jibu lilinitoa jasho. Ilikuwa inanunua kwa mpangilio wa alfabeti. Absa ya kwanza kila mara, kwa sababu jina lake linaanza na A. Unga na Williamson Tea, zikiwa huko mwisho, karibu hazikununuliwa kabisa hata zikiwaka siku moja na wengine. Kumbukeni Absa yenyewe ilikuwa inaitwa Barclays hadi 2020. Kwa hivyo kwenye mfumo wangu wa kisasa, benki ingeweza kusonga mbele kwenye foleni kwa kubadilisha ubao wa mlangoni.

Nikageuza orodha, ianze mwisho ije mwanzo. Sheria zile zile, data ile ile, miaka ile ile. Faida ya asilimia 41 ikawa hasara ya asilimia 6. Kisha nikaiambia programu ichague kwa kura kati ya zilizowaka, nikairudia mara 200. Matokeo yalitapakaa kila mahali, mengine juu, mengi katikati, mengine chini kabisa. Skrinshoti niliyowaonyesha ilikuwa kati ya zile za juu. Sikudanganya kwa makusudi, lakini kama ulitoa doo kwa sababu ya ile picha, tofauti hiyo haikusaidii.

Kwa hivyo leo nataka kusema kitu kimoja, na wale wa vikundi vya ishara mnaweza kunikasirikia: kila mfumo wa kununua hisa una orodha ya nafasi ndani yake, hata kama mwenye mfumo hajaiandika. Asipoiandika, kitu kingine kitamwandikia. Inaweza kuwa alfabeti, inaweza kuwa hisia za saa nne usiku.

Wacha nieleze njia mbili zilivyo, kwa lugha ya shule, maana sote tumepitia.

Njia ya ishara ni kama alama ya kupita. Mwalimu anasema ukipata 50 umepita. Kila mwanafunzi anapimwa peke yake. Siku moja wanaweza kupita 30, siku nyingine asipite hata mmoja. Kwa hisa ni vile vile: bei ikivuka kiwango fulani, nunua, ikirudi chini, uza. Kampuni haijali jirani yake anafanya nini.

Njia ya nafasi ni ile orodha inayobandikwa ukutani mwisho wa muhula: namba moja, namba mbili, mpaka namba ya mwisho. Unachukua kipimo kimoja, kwa mfano bei imepanda kiasi gani miezi sita iliyopita, au faida ya kampuni ukilinganisha na bei ya hisa. Unapanga kampuni zote kutoka juu hadi chini. Unanunua tano za kwanza. Mwezi ujao unapanga tena, walioshuka unauza, waliopanda unanunua. Hapa hakuna anayepita wala kufeli. Kuna nafasi tu.

Kwa nini vijana wengi tunapenda ishara? Kwa sababu ina hadithi tamu. Mnajua ile ya Turtles? Richard Dennis, mfanyabiashara wa Chicago, mwaka 1983 alichukua watu ambao wengi hawakuwa na uzoefu wa soko, akawafundisha sheria zilizoandikwa, akawapa pesa zake wafanye kazi nazo. Moja ya sheria hizo ndiyo ile ya siku 20 za kununua na 10 za kutoka. Mimi niliinakili kutoka huko, kama watu wengi tu.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba wale hawakuwa wananunua hisa. Walikuwa kwenye mikataba ya bidhaa na fedha: dhahabu, sarafu za nchi mbalimbali, hati za serikali. Dhahabu ikivuka kiwango chake leo, hakuna sababu kubwa ya hati za serikali kuvuka siku hiyo hiyo. Ishara zinakuja moja moja, na pesa inatosha kuzifuata.

Hisa za soko moja haziendi hivyo. Riba ikishuka, benki karibu zote zinapanda pamoja. Wawekezaji wa nje wakirudi Nairobi, wananunua kampuni kubwa zote kwa mpigo. Ndiyo maana zikiwaka, zinawaka saba. Halafu mnakaa wiki tano bila hata moja. Kwa mtu mwenye mamilioni ya kununua zote saba, hakuna ngori. Kwa sisi wenye pesa ya mbili, swali la "gani?" ndilo mfumo wenyewe. Hiyo sehemu ya kununua ikivuka kiwango ni mlango tu.

Na hasara haiishii hapo. Ukichukua hizi mbili leo, pesa imeshikika. Wiki ijayo ikiwaka ile ambayo ingekulipa mwaka mzima, huna kitu. Kila uamuzi unafunga mlango wa uamuzi unaofuata. Jaribu kuanza jaribio lako wiki moja baadaye, utashangaa: mlolongo wote wa biashara unaweza kubadilika, na faida nao. Mtu akikuonyesha mchoro mmoja wa mfumo wa ishara wenye pesa kidogo, amekuonyesha njia moja kati ya nyingi. Muulize zingine ziko wapi.

Njia ya nafasi haina tatizo hilo kwa ukubwa huo, kwa sababu swali la "gani?" limejibiwa kabla hujafika sokoni. Zikiwa saba au thelathini, namba moja ni namba moja.

Pia inakupa jaribio ambalo ni gumu kulidanganya. Soko letu lina kampuni sitini na kitu. Zipange, kisha uzikate makundi matano. Usiangalie kundi la juu peke yake. Angalia yote. Kama kipimo chako kina maana, kundi la kwanza linapaswa kulishinda la pili, la pili lilishinde la tatu, mpaka chini, angalau kwa mwelekeo wa jumla. Ukiona kundi la kwanza limepaa, la pili ndilo la mwisho, na la tano liko juu ya la tatu, hapo huna mfumo. Una bahati. Kwenye jaribio la ishara ningekuwa nimeona ile bahati pekee, nikaipigia video.

Njia hii ndiyo iliyotumiwa na wasomi wawili wa Marekani, Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman, kwenye utafiti waliochapisha 1993. Walichukua hisa za Marekani za kati ya 1965 na 1989, wakazipanga kwa jinsi zilivyopanda au kushuka miezi ya karibuni, wakazikata makundi kumi. Yaliyokuwa juu yaliendelea kuyashinda ya chini kwa miezi kadhaa iliyofuata. Watu wamebishana kuhusu sababu mpaka leo, lakini ushahidi uko hapo wazi, kundi kwa kundi, na mtu yeyote mwenye data anaweza kurudia.

Sasa msifikirie nimehama dini. Njia ya nafasi ina ugonjwa wake, na ni mbaya.

Ugonjwa wa kwanza: haijui kusema hapana. Kuwa namba moja kwenye darasa ambalo kila mtu amefeli bado ni kufeli. Ukiiambia programu inunue tano bora kila mwezi, itanunua tano bora hata soko lote likiwa linazama. Safaricom, ambayo peke yake ni sehemu kubwa ya thamani ya soko letu, ilipita shilingi 40 mwaka 2021. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Miaka kama hiyo, mtu wa nafasi anakuwa amebeba kapu lake la tano bora akishuka nalo polepole, kila mwezi akilipa ada za kuuza na kununua. Mtu wa ishara nzuri angekuwa ametoka mapema, amekaa na pesa yake.

Ugonjwa wa pili: kipimo kinaweza kugeuka ghafla. Machi 2009, soko la Marekani lilipogeuka kutoka kwenye mzozo wa fedha, hisa zilizokuwa zimeanguka vibaya zaidi ndizo zilizoruka juu zaidi, na wale waliokuwa wakinunua washindi na kuuza kwa mkopo walioshindwa waliumia kwa miezi michache tu kuliko walivyowahi kufikiria. Namba moja wa jana hana mkataba na kesho.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Anza na nafasi. Jaribu kipimo chako kwa makundi matano kabla hujawaza kitu kingine. Kikipita hapo, ndipo ulete ishara, na uipe kazi moja tu: kuamua kama unapaswa kuwa sokoni ama ukae nje. Kwa mfano, kipimo cha soko zima kikiwa chini ya wastani wake wa siku 200, usinunue kitu kipya mwezi huo. Nafasi inajibu swali la gani, ishara inajibu swali la lini. Mimi nilikuwa nimeilazimisha ishara ijibu yote mawili, ikaenda kuomba msaada kwa alfabeti.

Kuna wale watasema, "Lakini mimi nina ishara nne pamoja, zikikubaliana zote ndipo nanunua, kwa hivyo haziwaki saba." Sawa. Umepunguza foleni. Lakini ukiongeza masharti, biashara kwenye jaribio lako zinapungua pia. Ukibaki na biashara 14 kwa miaka kumi na 11 zikawa za faida, hiyo ni asilimia 79 nzuri sana ya kuweka kwenye skrinshoti, na ni kidogo mno ya kuwekea karo. Afadhali kipimo kimoja butu kilichojaribiwa kwa kampuni zote kila mwezi, kuliko kisu kikali kilichokata mara 14.

Kuna mitego mingine ambayo haijali wewe ni wa upande gani. Hizi nazo zilinipata.

Ada. Kununua hisa hapa kunagharimu karibu asilimia 2 kwa wengi wetu wenye pesa ndogo, na kuuza vile vile. Jaribio langu lilikuwa limeweka sifuri. Binamu alifanya biashara nane kamili, kuingia na kutoka, kwa miezi mitano. Kati ya hasara yake ya shilingi 14,000, zaidi ya 8,000 zilikuwa ada. Soko lilimchapa kidogo tu. Mfumo wangu wa kuingia na kutoka kila saa ndio uliomchapa sana. Watu wa nafasi, na nyinyi msicheke: mkipanga upya kila mwezi na kuuza kila aliyeshuka kutoka namba tano hadi namba sita, mnaliwa hivyo hivyo. Wekeni sheria kwamba aliyenunuliwa kwenye tano bora haondoki mpaka atoke kwenye kumi bora.

Kampuni zilizokufa. Niliipakua orodha ya kampuni zilizopo leo, nikajaribu nayo miaka kumi nyuma. Hiyo ni kama kuchukua timu 20 zilizo kwenye ligi kuu ya Uingereza msimu huu, halafu useme miaka kumi iliyopita ungejua kuwa hazingeshuka daraja. Mumias Sugar iko wapi kwenye orodha hiyo? ARM Cement iliyosimamishwa 2018? Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020 na haikurudi hadi Januari 2025. Programu yako inafanya nini ikiwa imeishika hiyo hisa na hakuna pa kuiuza kwa miaka minne na nusu? Yangu ilikuwa inairuka tu kana kwamba haijawahi kuwepo.

Hisa zisizotembea. Kuna kampuni kwenye soko letu zinazoweza kumaliza siku bila hisa hata moja kuuzwa. Programu inaona bei ya kufunga, inanunua. Wewe ukienda kununua hupati muuzaji, au unampata kwa bei nyingine kabisa.

Tarehe. Ukipanga kampuni kwa faida ya mwaka, kumbuka benki zetu hufunga mwaka Desemba lakini matokeo hutangazwa mpaka kufikia Machi. Ukiitumia hiyo faida kwenye uamuzi wa Januari, umemnunulia binamu yako gazeti la kesho. Na ishara iliyotokea kwa bei ya kufunga leo, ununuzi wake ni kesho.

Najua mtu atasema hizi ni hesabu za watu wa chuo na mimi niliacha. Ni kweli niliacha. Lakini hakuna hesabu hapa inayozidi kupanga orodha na kugawanya. Ningekuwa nimeifanya kwenye daftari kama ningejiuliza swali moja. Sikujiuliza kwa sababu mchoro ulikuwa unapanda na watu walikuwa wanapenda video. Hicho ndicho kitu ninachotaka mkitoe hapa. Anayekuonyesha mchoro ana sababu ya kuupenda. Mimi nilikuwa nayo: ule mwezi nilipata wafuasi wengi kuliko miezi sita iliyotangulia.

Kwa hivyo ukikutana na mfumo, wangu ama wa mtu mwingine, muulize mwenyewe haya kabla hujatoa hata soo. Zikiwaka nyingi na pesa ni kidogo, sheria inachagua vipi? Makundi yote matano yalifanyaje, si la juu tu? Ada ni ngapi ndani ya jaribio? Kampuni zilizokufa zimo? Akijibu yote bila kukasirika, hiyo bado si ahadi ya faida, lakini angalau unaongea na mtu aliyefanya kazi. Akikuambia jiunge na kikundi utajua, funga simu.

Binamu hakunilaumu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema, "Si ulikuwa unajaribu kunisaidia," akarudi stendi. Deni la pikipiki lilisogea mbele miezi kadhaa. Nimekuwa nikimrudishia polepole kutoka kwa kazi za kuhariri video za harusi. Kati ya zile 14,000 nimebakisha 4,000. Zikiisha nitaanza kumwonyesha jaribio jipya, lile la nafasi, na safari hii yeye ndiye atauliza maswali kwanza. Video itakuja baada ya hapo, kama itakuja.